Mikono Inayoshika Pipeti

Ndugu zangu walioko Morogoro wakisikia kwamba ninafanya kazi ya bayoteknolojia, yaani kutengeneza dawa kwa kutumia seli hai, karibu na Boston, hudhani nimeshapata shahada ya uzamivu. Siwalaumu, kwa kuwa sifa za eneo hili zimebebwa na majina makubwa: Harvard, MIT, na washindi wa Tuzo ya Nobel kama Walter Gilbert na Phillip Sharp, ambao mwaka 1978 walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Biogen. Mimi nina cheti tu. Kabla ya cheti hicho nilibeba boksi kwa miaka minne, nikiwahudumia wazee katika nyumba za kulelea mjini Lowell, kazi inayofanywa na Wakenya na Watanzania wengi wa mji ule. Kila ninaposoma maelezo kuhusu nguvukazi ya Boston naona wametajwa wagunduzi, nao wanaoitengeneza hiyo dawa hawatajwi.

Ugunduzi wenyewe una historia ndefu hapa. Mwaka 1976 baraza la jiji la Cambridge, jirani na Boston, chini ya meya Alfred Vellucci, lilisimamisha baadhi ya majaribio ya kuunganisha vinasaba na kuunda kamati ya raia wasio wanasayansi iyachunguze. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ndogo ya kuyasimamia. Waliotabiri kwamba sheria hiyo ingewafukuza wawekezaji walikosea, kwani kampuni zilipata kujua mapema kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na Biogen ilipofungua maabara zake nchini Marekani mwaka 1982 ilikwenda hapohapo Cambridge. Majengo ya viwanda vya zamani yakapata wapangaji wapya. Kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Novartis kimo ndani ya kilichokuwa kiwanda cha peremende cha NECCO.

Mwaka 2008 gavana Deval Patrick alitia saini mpango wa dola bilioni 1 kwa miaka 10 wa kukuza sekta hii katika jimbo zima la Massachusetts. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye jambo lisilovutia kamera, yaani kulipa posho za wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na kununulia vifaa vya maabara shule za sekondari na vyuo vya jamii. Hapo ndipo watu wa aina yangu tunapoingilia. Middlesex Community College hufundisha bayoteknolojia, na pale Cambridge shirika la Just-A-Start huendesha kozi ya miezi tisa bila ada kwa wakazi wa kipato cha chini.

Katika wiki zangu mbili za kwanza darasani hatukugusa seli hata moja. Tulipima maji. Unaweka chombo juu ya mizani, unavuta mikrolita 1000 kwa pipeti, kifaa cha mkononi chenye kitufe cha kupimia maji kidogo kidogo, unayamwaga, unasoma uzito, ambao unapaswa kuwa karibu sana na gramu 1, kisha unarudia mara kumi na kulinganisha namba. Zangu zilipishana vibaya sana. Nilikuwa nabonyeza kitufe mpaka kituo cha pili wakati wa kuvuta, ilhali kituo hicho ni cha kumalizia matone wakati wa kumwaga, na hivyo kila mara nilichota maji ya ziada. Kosa hilo huwezi kuliona kwa macho, na laiti ingekuwa dawa, mizani isingekuwapo kunisuta.

Nilipoajiriwa, dada mmoja Mkenya aliyenitangulia kazini alinikuta nimeshika kalamu, nataka kuifuta kwa wino namba niliyokosea kwenye kumbukumbu ya bechi, yaani karatasi zinazoandikwa kila hatua ya kutengeneza fungu moja la dawa. Akanishika mkono. "Mdogo wangu, hapa hakifutwi kitu. Kata mstari mmoja ili kosa lisomeke, weka herufi za jina lako na tarehe, halafu andika namba sahihi pembeni." Asiyejua kazi hii ataona ni urasimu. Lakini mwaka 2009, katika kiwanda cha kampuni ya dawa ya Genzyme kilichokuwa Allston, mtaa wa Boston, virusi viligunduliwa katika tangi la kukuzia seli. Havikujulikana kuwadhuru binadamu, ila vilidumaza seli, na uzalishaji ukasimamishwa ili kiwanda kisafishwe. Wagonjwa wa Gaucher na Fabry, magonjwa adimu ambayo dawa zake zilitoka hapo, wakapunguziwa dozi. Tatizo la namna hiyo likitokea, wachunguzi huanzia kwenye kumbukumbu zile zilizojazwa na watu wa cheti, mstari kwa mstari.

Tusisahau pia Norwood, kusini mwa Boston, ambako Moderna ilifungua kiwanda mwaka 2018 katika jengo lililowahi kuwa la Polaroid. Bechi ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 kwa ajili ya majaribio ilitoka pale Februari 2020, siku 42 tu baada ya kampuni kuanza na ramani ya jeni za kirusi. Kasi hiyo husifiwa kuwa ni ushindi wa teknolojia, na ni kweli, lakini siku 42 zisingetosha kama wangelazimika kwanza kumfundisha mtu kuvaa vazi la chumba safi, yaani chumba cha kutengenezea dawa kinachozuiwa vumbi na vijidudu.

Lawama yangu ni kwamba mkoa unaojivunia watu hawa hauwapi pa kulala. Kodi za nyumba za Cambridge hazishikiki kwa mshahara wa fundi, ndiyo maana mimi hupanda treni ya alfajiri kutoka Lowell. Wengi huanza kwa mkataba wa miezi sita kupitia wakala. Mkataba wangu wa kwanza ulikwisha Ijumaa na nikaambiwa Alhamisi. Tangu 2023 hali imekuwa ngumu zaidi: majengo mapya ya maabara yamebaki bila wapangaji na kampuni nyingi zimepunguza watu.

Dada yule alikuwa na mpango wake mwingine. Machi 2022 Moderna ilipotangaza makubaliano na serikali ya Kenya ya kujenga kiwanda nchini humo, alianza kuulizia bei za viwanja Machakos. Aprili 2024 kampuni ikasitisha mradi, ikisema mahitaji ya chanjo ya UVIKO-19 barani Afrika yamepungua. Bado tunapanda treni moja, na juzi alikuwa anamfundisha kijana mpya namna ya kukata mstari mmoja.