Friji isiyokata

Kilichonishtua si kelele, ni kukosa kimya. Niliamka usiku kunywa maji, nikasimama jikoni gizani nikisubiri friji ikate. Haikukata. Nikavuta kiti nikakaa. Dakika 40 mota inanguruma tu, na ubavu wa friji nikiugusa ni wa moto.

Asubuhi nilitumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, nikaiweka rafu ya katikati hadi kesho yake. Nyuzi 9. Inatakiwa 4 hivi. Ajabu ni kwamba friza ilikuwa bado inagandisha.

Fundi niliyemwita hakuivuta hata kutoka ukutani. Alisikiliza kidogo, akasema, "Gesi imepungua, tuongeze." Nikamwambia nitamtafuta. Gesi ya friji si petroli ambayo huungua ikaisha. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, basi kuna mahali inavuja. Ukiongeza bila kuziba unajaza ndoo iliyotoboka.

Nikaanza na yasiyohitaji kufungua kitu. Nilibana karatasi mlangoni, nikavuta. Raba ilishika pande zote nne. Nikaacha simu ndani ikirekodi video nione kama taa inazimika mlango ukifungwa. Inazimika. Nyuma, ile wavu ya mabomba ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi, nikalisugua kwa brashi. Kesho yake glasi ikasoma 8. Afadhali, lakini mota bado haikati.

Basi nikachomoa plagi, nikaondoa rafu za friza na kufungua kava la ukuta wa nyuma. Barafu tupu! Nyeupe, nene, imetanda sawasawa juu hadi chini, mapezi ya aluminiamu ya bomba la baridi hayaonekani kabisa. Hapo ndipo nilipojua gesi ni nzima, kwa sababu ikipungua, barafu hushika kipande cha mwanzo cha bomba na kwingine kunabaki kutupu. Shida ilikuwa hewa. Feni ya ndani ndiyo inayopeleka baridi kutoka friza hadi chumba cha chini, na yangu ilikuwa inapuliza ukuta wa barafu. Chini hakupoi, kwa hiyo mota haipati ruhusa ya kupumzika.

Niliacha milango wazi nusu siku, mataulo sakafuni. Kisu sikukigusa. Bomba lile ni laini, na friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto.

Barafu hiyo ilipaswa kuyeyushwa na hita kila baada ya saa kadhaa, kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kimekufa. Taima, saa inayoiwasha hita, ilikuwa inahama vizuri. Hita niliipima kwa multimita, kipimo cha umeme, ikasoma omu 240, haijakatika. Kikabaki kile kidude cha duara kilichobanwa kwenye bomba, kinachounga umeme kikipata baridi na kuukata kikipata joto. Wengi hukipima mezani, wakikuta hakiungi wanakitupa, kumbe mezani hakitakiwi kuunga! Mimi nilikifunga kwenye mfuko wa nailoni, waya zikichungulia nje, nikakizika katika bakuli la barafu niliyoichanganya na chumvi, maana barafu peke yake ikianza kuyeyuka hukwama kwenye 0, na kidude hiki kinataka baridi kali zaidi. Multimita hulia umeme ukiunga. Robo saa, kimya. Nilipoleta kipya nikakizika bakuli lile lile. Kabla sijakaa vizuri, piii!

Nikakiunga, nikafunga kava, nikachomeka. Siku iliyofuata glasi ilisoma 4.

Kuna skrubu mbili sikujua zinarudi wapi. Ziko ndani ya kikombe juu ya friji, mota ikiwaka zinatetemeka. Nikiwa kitandani nazisikia zikinyamaza.