Msalaba Nilioupata Mapema Mno

Kazi niliyopewa na kaka usiku ule wa Februari 2013 ilikuwa fupi: nichome vigingi viwili ardhini, kimoja nilipo na kingine hatua kumi mbele, vielekee kusini halisi. Dira hakuna, simu hakuna. Tulikuwa si mbali na ikweta, mwezi ulikuwa haujaandama, na mawingu yalishatawanyika tangu jioni.

Dakika 20 za kwanza hatukufanya chochote zaidi ya kukaa gizani. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza barabara, na mwako mmoja tu wa taa nyeupe hukurudisha mwanzo. Tochi ya kusomea ramani tuliifunika nailoni nyekundu, kwa sababu chembe za jicho zinazoona gizani haziuhisi sana mwanga mwekundu. Tabaka moja halikutosha, mwanga ulitoka wa waridi, na waridi una weupe mwingi ndani yake. Tukaongeza la pili.

Ramani yenyewe ilikuwa ya kuzungusha, diski mbili zilizobanwa katikati kwa pini: unaoanisha tarehe na saa, na dirisha linakuonyesha nyota zilizo juu. Husomwa ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa. Ukiilaza mezani, mashariki na magharibi huonekana zimebadilishana, na mtu hudhani mchapaji amekosea. Yetu ilikuwa na kasoro kubwa kuliko hiyo. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa latitudo 50 kaskazini, kwa hiyo nyota za kusini, zilezile nilizozihitaji, hazikuwamo.

Nikaanza na Jabari, yaani Orion, maana nyota tatu zilizopangana mstari mmoja hakuna anayezikosa. Alnitak, Alnilam, Mintaka: huo ndio mshipi wake, na mstari wote hauzidi nyuzi tatu, yaani digrii tatu za anga. Upande mmoja wa mshipi iko Betelgeuse yenye wekundu, upande wa pili Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Tofauti ya rangi haijitokezi mara moja. Nilitazama moja kwa muda, nikahamia nyingine, nikarudi, ndipo ikajionyesha.

Baada ya hapo ni kupima kwa mkono. Ukinyoosha mkono kabisa, kidole kidogo hufunika takriban uzi mmoja, vidole vitatu vya kati nyuzi tano, ngumi nyuzi kumi. Kipimo hiki humfaa mtoto na mtu mzima, kwa kuwa mwenye mkono mfupi kwa kawaida ana ngumi ndogo. Kinachoharibu ni kiwiko: kikikunjwa, ngumi hukaribia jicho na kufunika anga kubwa kuliko inavyopaswa. Kaka alinigonga kiwiko mara mbili.

Mstari wa mshipi ukiurefusha upande mmoja ngumi mbili na kitu, unakaribia Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ukiurefusha upande wa pili kwa umbali karibu uleule, unafika jirani na Aldebaran, yenye rangi ya chungwa. Hapo nikakwama. Kulikuwa na mbili. Moja ilikuwa ya rangi niliyoitarajia, na nyingine, vidole vitatu tu kutoka pale, iling'aa kuipita hata Sirius.

"Inamemeta au imetulia?" kaka akauliza.

"Imetulia, kaka."

"Basi usiitafute kwenye ramani."

Ilikuwa Mshtarii, yaani sayari ya Jupiter. Nyota ni kitone, kwa hiyo hewa ikitikisika kidogo tu mwanga wake hucheza. Sayari kwa jicho tupu hufanana na nyota, lakini kwa kweli ni kisahani kidogo, na mtikisiko wa upande mmoja hufidiwa na wa upande mwingine. Ramani iliyochapwa haiwezi kuweka sayari kwa sababu zinahama. (Karibu na upeo hata sayari humemeta, kwa hiyo jaribio hili ni la vitu vilivyo juu.)

Ngumi moja na nusu hivi kupita Aldebaran kipo Kilimia, kishada kidogo cha nyota, na jina lenyewe la Aldebaran, kwa Kiarabu, ni mfuasi: kila usiku hukifuata Kilimia nyuma. Nikarudi kwa Sirius, nikashuka kusini ngumi tatu na nusu hadi Suheli, ya pili kwa mng'ao. Yote yalilingana na kipimo.

Saa tatu na nusu nikauona msalaba. Nyota nne, safi, chini ya Suheli upande wa kushoto. Nikaruka hadi kanuni niliyoikariri: chukua urefu wa Msalaba wa Kusini kutoka kichwani hadi mguuni, urefushe mara nne na nusu kuanzia mguuni, hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga, yaani kitovu ambacho nyota za kusini hukizunguka, shuka wima hadi kwenye upeo, huko ndiko kusini. Nikafanya hivyo, nikachoma vigingi.

Dalili ya kosa ilikuwa mbele ya macho. Ncha ya anga huwa juu ya upeo kwa kiasi kilekile cha latitudo ya mtazamaji, kwa hiyo karibu na ikweta inapaswa kugusa upeo. Yangu ilikuwa inaelea karibu ngumi tatu juu. Kaka aliona, akanyamaza.

Saa tano na nusu akaniambia nisimame na kuutazama mshipi wa Jabari. Mshipi uko karibu kabisa juu ya ikweta ya anga, mstari wa kufikirika angani ulio juu ya ikweta ya dunia, ndiyo maana huchomoza mashariki barabara na kuzama magharibi barabara, popote unapoonekana. Kwa aliye karibu na ikweta hushuka wima, na hahitaji kungoja uzame: ukishavuka utosi na kuinama, tayari unaonyesha magharibi. Niliuelekea, nikanyoosha mkono wa kushoto pembeni. Huko ndiko kusini. Vigingi vyangu vilikuwa vimepotoka kuelekea magharibi zaidi ya ngumi mbili.

Nilichokuwa nimekiona kinaitwa Msalaba wa Uongo, nyota nne zilizokopwa kutoka makundinyota mawili, Vela na Carina. Hutangulia kuchomoza, na saa tatu na nusu ule wa kweli ulikuwa bado ndani ya ukungu wa upeo. Nilikuwa nimepima kila kitu usiku ule isipokuwa msalaba. Mti mrefu wa ule wa uongo ni karibu ngumi nzima, nyuzi tisa hivi. Wa kweli ni nyuzi sita, vidole vitatu na ziada. Nyota za ule wa uongo pia ni hafifu zaidi, na hauna nyota ya tano ndogo inayokaa pembeni ndani ya ule wa kweli.

Saa sita ilipokaribia, Msalaba wa Kusini ulikuwa umeinuka, umelala kiubavu. Nikaupima: vidole vitatu na kidogo. Kisha nikangoja wasindikizaji wake, Beta Centauri kwanza, halafu Alpha Centauri, nyota mbili angavu zinazoachana kwa karibu vidole vitatu na kuuelekezea kidole msalaba huo. Msalaba wa Uongo hauna jozi hiyo. Nikarefusha mti mara nne na nusu, safari hii mstari ukaishia chini kabisa, kwenye upeo. Kigingi cha kwanza kilibaki mahali pake. Cha pili nilikihamisha hatua nne na nusu kuelekea kushoto.