Plagi ya boti na nyusi zangu

Jana jioni nimeunguza nyusi. Nilikuwa bandani kwetu hapa Mkoani, nataka kuona kama plagi kuukuu ya mashine ya boti itawasha kichomeo cha gesi. Nikafungua gesi kwanza. Cheche ikagoma. Nikachezea waya... buf! Bi mkubwa akaniita toka ndani kwa jina langu kamili, na maana yake mnaijua.

Kumbe mafundi wa roketi za mafuta ya kimiminika wanaogopa hilohilo. Mafuta na oksijeni vikirundikana ndani ya chemba ya kuchomea kabla ya moto, vikija kuwaka vinawaka vyote kwa mpigo, na injini inaweza kupasuka. Ndiyo maana kiwashio hutangulia. Injini kuu za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, zilitumia cheche. Injini za F-1 za Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ziliwashwa kwa kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na oksijeni. Warusi na roketi yao ya Soyuz ndio wamenichekesha: viwashio vya baruti juu ya fito za mbao, vinachomekwa kwa chini. Njiti za kibiriti hasa!

Leo nimerudia, cheche kwanza, gesi baadaye. Mara kumi, zote zimewaka taratibu. Nyusi bado.