Asilimia 2.87 na kiti cha Bihar

Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu nianze kufuatilia siasa za Bihar, lile jimbo la mashariki mwa India lenye watu kama milioni 130 hivi na umaskini wa kutosha. Mwanasiasa Nitish Kumar ni Mkurmi, jamii ya wakulima, na ile hesabu ya matabaka (zile jamii mtu anazozaliwa nazo) iliyotangazwa na serikali ya jimbo Oktoba 2, 2023 inasema Wakurmi ni asilimia 2.87 tu. Mbili nukta themanini na saba! Halafu jamaa kashika uwaziri kiongozi, yaani ukuu wa serikali ya jimbo, Novemba 2005, akakaa, akampisha mwenzake wa chama Jitan Ram Manjhi miezi michache 2014 hadi 2015, akarudi, na Novemba 2025 anaapishwa tena, mara ya 10. Sasa wale mnaosema "ah, Wahindi wanapigia tabaka lao tu, basi", hii mnaielezaje?

Kabla yake kulikuwa na Lalu Prasad Yadav, na huyu hesabu yake ilikuwa rahisi. Wayadav, wafugaji ng'ombe, ndio jamii kubwa kuliko zote, asilimia 14.26, changanya na Waislamu 17.7, unapata karibu theluthi ya jimbo, na upinzani ukigawanyika hapo umeshamaliza kazi. Kaingia 1990, mwaka uleule serikali kuu ilipotangaza asilimia 27 ya ajira zake ziende kwa matabaka ya chini yaliyoachwa nyuma na nchi ikawaka moto. Lalu alikuwa anaongea Kihindi cha kijijini, anakamua ng'ombe mbele ya kamera, na watu ambao baba zao hawakuthubutu kukaa kitandani mbele ya mwenye shamba walimwona ni wao. Barabara hakujenga, ni kweli, ila heshima aliwapa, na mtu asiyewahi kunyimwa heshima hawezi kujua ile kitu ina bei gani. Kulikuwa na msemo eti maadamu sambusa ina viazi, Bihar itakuwa na Lalu (wenzetu sambusa yao ni viazi, nyama hakuna, pole zao).

Lakini 1997 kesi ya wizi wa pesa za malisho ikamng'oa, yaani mtoto wa mfugaji kaponzwa na chakula cha ng'ombe, akampa kiti mkewe Rabri Devi ambaye hakuwahi kushika hata wadhifa mdogo. Na kumbe kitambo tu jamii nyingine za chini zilikuwa zinanung'unika kwamba maziwa yote yanaishia zizi moja.

Hapo ndipo Nitish alipoingilia. Vinyozi, wafinyanzi, maseremala, wapiga makasia, jamii zaidi ya 100, kila moja kipande tu, ukizijumlisha ni asilimia 36.01, fungu kubwa kuliko yote na halina mwenyewe! 2006 akawatengea asilimia 20 ya viti vya mabaraza ya vijiji, na wanawake nusu, halafu baiskeli kwa wasichana wa sekondari, yote akiwa ameungana na BJP, chama cha Waziri Mkuu Modi, chenye kura za matabaka ya juu. Mimi sioni ujinga wowote kwa mpiga kasia kuchagua hivyo, maana ofisini fomu yake inasainiwa na nani ndiyo serikali yenyewe anayoijua. Wakenya hapa mtanielewa haraka, sisi Watanzania tulioacha kuuliza kabila kwenye sensa tangu 1967 tutachelewa kidogo. India nayo hesabu kamili ya matabaka kwenye sensa ilitoka mara ya mwisho 1931, ndiyo maana zile takwimu za 2023 zilitikisa watu. Bihar ikapandisha mgao wa ajira na vyuo kwa matabaka ya chini hadi asilimia 65, mahakama kuu ya Patna ikaufuta Juni 2024.

Ila mwenye wazo hili la kuwapa wale wadogo fungu lao si Nitish. Ni Karpoori Thakur, mtoto wa kinyozi, aliyeongoza jimbo miaka ya 70, na 1978 akaanzisha mgao akiwatengea wadogo kabisa fungu lao, matabaka ya juu yakamtukania hadi ukinyozi. Januari 23, 2024 serikali ya Modi ikatangaza kumpa marehemu nishani kubwa kuliko zote nchini. Siku 5 baadaye Nitish, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia upande wa chama cha Lalu, akajiuzulu asubuhi, na jioni akaapishwa tena akiwa na BJP.