Tulimwita Gongo

Mwaka 2008 nilikuwa kijana wa mwalo, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, huko Rwamagasa, Geita, enzi hizo bado ni mkoa wa Mwanza. Kazi yangu kuosha: mchanga wa karasha, mashine ya kusaga mawe, unapita juu ya magunia, magunia yanakung'utwa kwenye beseni, unamimina zebaki, unakoroga kwa mkono mtupu mpaka ishikane na dhahabu kuwa donge la kuchomwa. Zebaki tulinunua kwa kizibo cha soda. Kizibo kimoja, lakini uzito wake! Inayazidi maji zaidi ya mara 13.

Mchomaji wetu alikuwa mzee mmoja Msabato, pombe hajawahi kuonja. Ila mikono ilimtetemeka mpaka chai akawa anatiliwa nusu kikombe, na hiyo nusu nayo ikaishia kwenye suruali. Vijana tukamwita Gongo, kama ile pombe kali. Aliitika tu.

Siku moja mvua ikatukuta na donge la kuchoma, mnunuzi anasubiri. Mzee akaingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha. Mimi nikawa napepea. Donge jeupe kama fedha likaanza kuiva manjano kwenye kijiko, nami nikasogeza uso karibu nisipitwe. Harufu hakuna. (Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko kinachonasa ule mvuke ukarudi kuwa zebaki. Nilikuja kukiona baadaye, na wenzangu hawakukitaka: dhahabu huioni ikiiva.)

Usiku kifua kikabana. Nikakohoa hadi alfajiri, homa juu, mdomoni ladha ya msumari. Zahanati wakanipa dawa ya malaria. Siku ya tatu nikapelekwa hospitali, na tabibu wa huko ndiye wa kwanza kuniuliza nafanya kazi gani. Nilipotaja kuchoma, akaweka kalamu chini.

"Ile zebaki haipotei motoni. Inakuwa mvuke, mnaivuta."

Akaeleza: mapafuni, kwenye damu, mpaka ubongoni. Anayeivuta miaka na miaka hutetemeka, fizi huvuja damu, husahau, hukasirika ovyo. Mimi nilikuwa nakiona kikombe cha mzee.

Niliporudi nilimfuata kwake mwaloni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

Nikamsimulia yote. Alinyamaza kitambo, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Miaka yote hii mama yako ananinusa mdomo," akasema. "Twende nyumbani ukamwambie wewe."