Kabla sindano haijaingia

Siku ninayoiogopa kuliko zote kazini ni Jumatatu. Mimi ni nesi wa kitengo cha kusafisha damu kwa mashine, kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, hapa Dar es Salaam, na wagonjwa wa zamu ya alfajiri siku hiyo wanakuwa wametoka kwenye pengo refu. Wanaosafishwa mara tatu kwa wiki waliondoka kwetu Ijumaa. Wanaomudu mara mbili tu, nao ni wengi, waliondoka Alhamisi. Siku zote hizo chai, mchuzi na tikiti havikupata pa kutokea, na potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo yakizidi huvuruga mapigo ya moyo, ilikuwa ikipanda taratibu ndani ya damu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya elfu 32 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki. Siku inayofuata pengo refu, vifo vilikuwa 22.1 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Siku nyingine vilikuwa 18.0. Hao ni wa mara tatu, tena katika nchi yenye mashine kila mji.

Kwa hiyo mimi nazithamini sana zile dakika chache kabla ya sindano kuingia. Ndugu wa wagonjwa huamini kwamba hatari hujulikana maabara, na kila wakija huuliza majibu ya damu. Ni haki yao, na majibu hayo yana kazi yake. Ila kwetu damu ya vipimo huchukuliwa mara moja kwa mwezi, na kinachowaua zaidi watu hawa ni moyo. Moyo hausubiri mwisho wa mwezi.

Tuanze na mizani, maana ndiyo tunayoitegemea kuliko kitu kingine. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, yaani uzito anaobaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Akija amezidi kilo tatu, tunajua kuna takriban lita tatu za kutoa. Hapo ndipo penye hesabu ambayo ningependa kila familia iijue. Chukua mgonjwa wa kilo 60, mwenye lita tatu za kutoa kwa saa nne: ni mililita 12.5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Akija na lita nne, inafika karibu 17. Tafiti za wagonjwa wengi zimeonyesha kwamba kuvuta maji kwa kasi inayozidi mililita 13 kunaambatana na vifo vingi zaidi, kwa sababu moyo unanyang'anywa damu ya kusukuma kabla maji ya kwenye nyama hayajapata muda wa kurudi kwenye mishipa. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuja na maji mengi namwomba akae saa ya ziada, hata kama gari linamsubiri nje na hata kama amenikasirikia.

Lakini mizani ina udhaifu mmoja mkubwa, na aliyenifundisha ni mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa pwani ya kaskazini. Miezi kadhaa alikuja na kuondoka na uzito uleule mkavu, na fomu yake ilikuwa safi kabisa. Siku moja nikamwambia, "Shikamoo babu, inuka twende kitandani," naye akashika mikono yote miwili ya kiti cha plastiki akashindwa. Akasema, "Mwanangu, miguu haina habari nami siku hizi." Nikambonyeza muundi, kidole kikaacha shimo. Nikamuuliza analalaje, akaniambia mkewe amemwekea mito mitatu, maana akilala chali anakosa pumzi. Nyama ilikuwa ikiondoka, na maji yalikuwa yakichukua nafasi yake kilo kwa kilo, mizani isione tofauti yoyote. Daktari akaanza kumshusha uzito mkavu kidogo kidogo, nusu kilo kila baada ya safisho mbili tatu. Usingizi ulirudi. Nyama kurudi ni kazi ndefu zaidi, inayotaka mayai, samaki na mazoezi.

Tangu hapo natazama mikono na miguu kwa makini. Nguvu ya kiganja hupimwa kwa kifaa kidogo cha kubana, kwa mkono usio na fistula, yaani ile mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu kudhoofika kwa misuli inataja chini ya kilo 27 kwa mwanaume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke kuwa ni dalili ya udhaifu. Kwa miguu, mgonjwa anaambiwa ainuke kitini na kukaa mara tano bila kujishika. Zikipita sekunde 15 kuna jambo. Tafiti za wagonjwa wa figo kutoka nchi nyingi zinakubaliana kwamba wenye kiganja dhaifu hufa mapema zaidi kuliko wenzao. Kiti tunacho. Saa ya ukutani tunayo. Kifaa cha kiganja bado natamani kitengo chetu kinunue, na nitaendelea kuomba.

Presha nayo ina mambo yake. Kwa watu wa kawaida tunaogopa iliyo juu. Kwa hawa, iliyo chini kabla ya kuanza mashine inanitia hofu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni moyo uliochoka. Na ile tofauti kati ya namba ya juu na ya chini ikiwa kubwa sana, fikiria mishipa iliyokakamaa. Gérard London na wenzake huko Ufaransa walichapisha mwaka 1999 kazi yao kwa wagonjwa 241 wa mashine: walipima kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kwenye kinena, kwa vihisi vinavyowekwa juu ya ngozi tu. Wimbi likikimbia zaidi ya mita 12 kwa sekunde, mshipa mkuu umekuwa mgumu, na hatari ya kufa ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko kwa wenye mishipa laini. Sehemu ya ugumu huo ni chokaa inayojipaka kwenye mishipa, na fosfeti, madini mengine ya kwenye chakula, ikipanda kwenye damu inachangia.

Italia nao, Reggio Calabria, kundi la Carmine Zoccali walitumia altrasaundi ya kifua, ileile mashine inayotumika kliniki ya wajawazito. Maji yakiwa kwenye mapafu, picha huonyesha mistari myeupe inayoshuka kama mvua. Mwaka 2013 walieleza wagonjwa 392, na wengi waliokuwa na maji mengi mapafuni hawakuwa na dalili yoyote, au walikuwa nazo kidogo tu. Hilo linanihusu sana, maana wagonjwa wetu huvumilia mno. Mama wa watu anakuambia "sijambo mwanangu" huku mbavu zinapanda na kushuka.

Kuna kipimo kimoja kinachoniuma. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waligundua kwamba mwanga maalumu ukimulikwa kwenye ngozi ya mkono hurudi na mng'ao wa takataka za sukari zilizojikusanya mwilini kwa miaka. Mwaka 2005 walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa mashine mng'ao huo unatabiri kifo. Hauna sindano, hauna maumivu, unachukua dakika chache. Ila ngozi nyeusi hunywa mwanga mwingi, na kifaa hakikuweza kuisoma kwa uhakika kama ngozi nyeupe. Hata kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, mwaka 2020 watafiti wa Michigan walikuta kinakosa kugundua upungufu kwa Wamarekani weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Wanaotuletea vifaa lazima waulizwe vilijaribiwa kwa ngozi ya nani, na swali hilo liulizwe kabla ya kununua.

Kiganja, kiti, mizani na kidole juu ya muundi havichagui rangi.

Kwa ndugu mnaokaa na mgonjwa nyumbani: wekeni daftari. Kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla hajanywa chai, andikeni uzito, presha ya mkono usio na fistula, na idadi ya mito aliyolalia. Wekeni kiganja juu ya fistula yake; ule mtetemo ukipotea, njooni siku hiyohiyo. Madafu msimpe, hata joto likiwa la Februari, na kwenye futari tende zake ziwe za kuhesabu, kwa sababu vyote hivyo vimejaa potasiamu. Miguu ikilegea ghafla au mapigo ya moyo yakienda polepole kuliko kawaida yake, msisubiri zamu yake ya Jumatatu. Mleteni usiku huohuo, pamoja na daftari.