Pono kwa siagi na lozi

Unguja, Jumamosi usiku

Samaki mweupe wa siagi na lozi asili yake ni jikoni kwa Wafaransa, na ukimtazama juu juu utasema hana kazi. Unga, siagi, lozi, ndimu, basi. Lakini sisi tuliozoea kumpaka samaki thomu, tangawizi na bizari, pishi hili linatuumbua, kwa sababu halina viungo vya kufunika makosa. Samaki akiwa na maji, au siagi ikiungua, mlaji anajua kwa tonge la kwanza.

Dikoni Malindi au sokoni Darajani ningechukua pono (huyo huyo wa usingizi), changu, au chewa mdogo. Nguru na jodari wawekeeni mchuzi na mishikaki. Nyama yao imeshikana na ladha yao inaimeza siagi. Pono ana mnofu mweupe na laini sana, ila haraka huharibika, kwa hiyo tazama jicho na matamvua, na ubonyeze: mnofu usiporudi, mwache. Kwa watu wanne nataka vipande vinne visivyo na miba, gramu 150 hivi kila kimoja, unene wa sentimita 2.

Sasa ndimu. Mazoea ya kumkamulia samaki ndimu na kumwacha alowe ndiyo yanayoharibu pishi hili kabla jiko halijawashwa. Ukali wa ndimu unaugandisha mnofu bila moto. Unakuwa mkavu kama chaki, na ukija kuugeuza kikaangoni unamomonyoka. Muoshe kwa maji, mtie chumvi, muache dakika 15, kisha mkaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Unga wa ngano, vijiko vitatu vya kulia kwa vipande vyote, unapakwa wakati mafuta yameshapata moto, na unaobaki juu unakung'utwa. Ukiupaka mapema unanyonya maji ya samaki na kuwa uji, na uji huo ndio unaoganda chini ya kikaango.

Lozi gramu 50 zitie maji ya moto dakika moja, ubane kwa vidole, ganda litoke. Zikaushe, zikate vipande vyembamba, uzikaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika nne au tano huku unakoroga. Zikianza kupata rangi zimwage kwenye sahani baridi hapo hapo; zikibaki kikaangoni zinaendelea kuiva hata moto umezimwa, na lozi iliyopitiliza ni chungu. Bei ya lozi ikikutisha, korosho zinafaa, ila ni tamu zaidi, kwa hiyo ongeza ndimu kidogo.

Kukaanga tumia samli, vijiko viwili. Samli haina zile chembe za maziwa zilizomo kwenye siagi na zinazoungua, inastahimili moto. Weka samaki, usimguse dakika tatu. Akiwa tayari anajiachia mwenyewe. Mgeuze mara moja, umpe dakika moja na nusu au mbili, umtoe. Usimfunike, mvuke utalainisha ukoko.

Futa kikaango, tia siagi gramu 80, moto wa wastani. Kwanza itatoa povu, hayo ni maji yake yanakwenda. Povu likipungua utaona chembe ndogo chini zinageuka hudhurungi na harufu inabadilika. Kutoka hapo mpaka kuungua ni sekunde tu. Kikaango cheusi hakionyeshi rangi, kwa hiyo dondosha tone kwenye sahani nyeupe. Kwa jiko la makaa usitegemee kupunguza moto, inua kikaango. Tia lozi, halafu kijiko kimoja cha maji ya ndimu, ambayo yatapoza siagi na kuizuia isiendelee. Itaruka, jihadhari. Chembe zikiwa nyeusi, mwaga, anza na siagi nyingine. Siagi ya kopo ya mafuta ya mimea haifiki hapa. Inayeyuka tu, maana kwa kawaida maziwa yake hayatoshi kutoa rangi wala harufu ile.

Mimina juu ya samaki mezani, na kotmiri iliyokatwa kidogo. Wali wa nazi naona unazidisha mafuta juu ya mafuta. Boflo inatosha, ya kufutia sahani.